Nyumba ya Mistari na Simiti ya Mwalimu

Siku ya kuniaga pale karakanani mlinipa nafasi ya kusema, nikasema asanteni, keki ni tamu, nikakaa. Wengine mlidhani machozi yamenikaba. Wapi! Nilikuwa na mengi mno ya kusema, na mtu mwenye mengi mno akianza kuongea wakati chakula kinapoa hujitafutia maadui. Kwa hiyo nimerudi nyumbani Embu, hapa mtaa wa Dallas, nimesogeza meza karibu na dirisha, na sasa nawaandikia. Mkiona nimepita vyeo na mishahara bila kugusa, jueni ni makusudi. Hayo yako ofisini kwa anayeyataka. Mimi nataka kuwaambia habari za mbao, na hasa za nyumba moja.

Nilizaliwa kule chini Mbeere, kwenye joto na nyuki. Chuo cha ufundi cha kijijini kiliniandikisha ushonaji kwa sababu wasichana wote waliandikishwa ushonaji. Nilikaa na cherehani muhula mmoja. Darasa la useremala lilikuwa ng'ambo ya ukuta, na kila walipopiga randa harufu ya mti ilikuwa inaniingia puani nasahau kitambaa. Nikahama mwenyewe bila kumwomba mtu. Mwalimu wa useremala alinikuta benchi la nyuma nimeshika msumeno, akafikiri nimetumwa kuuazima.

Nilipofika Meru kuanza kazi, karakana ilikuwa palepale mnapoijua, upande wa Kinoru, ila paa lilikuwa likivuja zaidi. Msimamizi alinitazama akanionyesha jikoni. Nikamwambia chai najua kupika, lakini barua yake imesema seremala. Akaenda kuisoma tena. Kisha akanikabidhi kwa Mzee Shabani, kwa sababu Mzee Shabani peke yake ndiye asiyekuwa na la kupinga.

Huyu Mzee Shabani alikuwa mtu wa mtaa wa Majengo, mwembamba, kofia yake nyeupe haikuwahi kushika vumbi la mbao hata sijui alifanyaje. Ukimuuliza kabila alikuwa akijibu kwamba yeye ni Mmeru wa Majengo, na hilo ni kabila ambalo serikali bado haijalihesabu. Babu mmoja alitoka Tanganyika, mwingine Ukambani, bibi alizaliwa hukuhuku. Kiswahili chake kilinyooka kuliko meza zetu zote. Kazi ya kwanza aliyonipa ni kufagia. Nikanuna. Kumbe alitaka nitenge takataka za randa kwa marundo: hizi za mti gani, zile za mti gani. Muthaiti ananuka dawa ya kifua. Mutarakwa ananuka penseli. Muuru hana harufu ya kujionyesha, ila ukimwonja ulimini anakausha mate. Ndiyo, nilionja. Nanyi mwonje, simu zenu hazitawaambia.

Muuru ndio mti nitakaousema sana. Wazungu waliukuta kwenye milima yetu wakauita mwaloni wa Meru, kwa vile uliwakumbusha mwaloni wa kwao, ule tunaousoma kwenye Biblia. Si ndugu kabisa. Mtu akiwa mbali na kwao, kila anachokiona hukipa jina la nyumbani. Hata mimi miaka ya kwanza Meru nilikuwa nikiona mlima wowote natafuta upande wa Mbeere.

Siku moja vililetwa vipande vya lango la zamani kutoka shamba la chai. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Ulimi wa ubao mmoja umeingia kwenye tundu la mwingine, na kijiti cha mti kimepigiliwa kupitia vyote viwili. Nilipokitoa kijiti niligundua kwamba lile tundu la kwenye ulimi halikulingana na la nje, limekosana kidogo. Nikacheka nikamwambia Mzee Shabani kwamba mafundi wa zamani nao walikuwa wakikosea. Alichukua vile vipande akavirudisha pamoja, akapigilia kijiti kipya polepole, akaniambia nitazame maungio. Nikaona kijiti kikipinda kufuata matundu yasiyolingana, na kadiri kilivyozama ndivyo kilivyouvuta ulimi ndani mpaka mwanya ukafumba kabisa. Yaani kukosana kule ndiko kunakokaza. Nikaacha kucheka. Nikakaa siku nzima nikitoboa matundu ya kukosana kwenye vipande vya kutupa.

Ndiye aliyenitajia Nyumba ya Mistari. Alisema kuna nyumba huko juu karibu na msitu, aliijua akiwa kijana, ya miti mikubwa myeusi iliyosimama na kulala na kwenda mshazari, na katikati ya miti ukuta mweupe, na ghorofa ya juu imetokeza nje kuliko ya chini kama mtu anayechungulia mlangoni. Ilijengwa kwa maungio tu. Nikataka kwenda kuiona Jumamosi ileile. Akasema nimekwisha pita mbele yake mara nyingi. Imevaa koti, alisema, na hakueleza zaidi, kwa sababu alipenda kuniacha na kiu. Alifariki kabla hajanipeleka. Tulimzika Majengo, na nikarithi patasi yake moja ambayo nimeinoa mpaka imebaki kama kisu cha kumenyea viazi.

Miaka ya katikati nairuka. Madawati, majeneza, mapaa ya makanisa kutoka Chuka mpaka Maua, milango ya mahoteli. Nilipenda kazi nyingine nikachukia nyingine. Majeneza nilichukia kwa sababu watu hawana muda wa kungoja gundi ikauke. Ila popote nilipopita barabara ya juu nilikuwa nikitazama nyumba moja moja, nikijiuliza ni ipi iliyovaa koti.

Nilikuwa karibu kustaafu alipokuja Mwiti. Wengi wenu mlikuwepo. Injinia wa barabara, anafanya kazi Nairobi, mtu mpole mwenye miwani. Hakuja kutengenezewa kitu. Alikuja kuuliza kama tunanunua miti ya zamani nyumba ikibomolewa. Nyumba yenyewe ni ya mama yake, ya kikoloni, imeinama upande mmoja, milango ya juu haifungi, na kwenye kona kuna ufa unaoingia mkono. Mama amepita miaka themanini na anaishi humo peke yake. Amekataa kuhama. Mwiti alitaka fundi aende amwambie kwa mdomo wake kwamba nyumba haifai, maana mtoto hasemi akasikilizwa. Nikamuuliza ni nyumba ya namna gani. Akasema watu wa zamani huiita Nyumba ya Mistari, lakini haina mistari yoyote, hajui jina lilitoka wapi. Nikaacha chai yangu mezani.

Basi nikaiona. Kweli nilikuwa nimeipita tangu ujana. Ilikuwa ya kijivu, imepakwa simiti kutoka paani mpaka mchangani, na juu ya simiti mtu alikuwa amechora miraba miraba ili ionekane imejengwa kwa mawe ya kuchonga. Ghorofa ya juu ilitokeza nje, hilo koti halikuweza kulificha. Juu ya mlango wa mbele, kwenye simiti, kulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa msumari simiti ikiwa mbichi: KWA KATHURE.

Kathure ndiye Mama Mwiti. Alitoka na fimbo, akanitazama viatu, akaniita msichana, nami nina wajukuu. Kimeru chake na Kimbeere changu vilikutana njiani vikaelewana. Alitutengea chai na viazi vitamu, kisha akanieleza habari za nyumba kama anavyowaeleza wageni wote. Ilijengwa na Mwingereza aliyekuwa akisimamia msitu, watu wakimwita Bwana Msitu. Alitaka nyumba kama ile aliyozaliwa kwao, na miti yote ililetwa kwa meli kutoka Uingereza ikiwa imekwisha kukatwa. Uhuru ulipokuja akaondoka. Mumewe, Mwalimu Gitonga, akainunua, na wakaingia humo wakiwa bado vijana.

Lakini nyumba ilimtia Mwalimu aibu. Hapa ndipo lazima mwelewe, ninyi mnaopanga vyumba vya mawe. Siku zile, na hata leo, nyumba ya heshima ni ya pamanenti, ya mawe na simiti. Ya miti na udongo ni ya mtu ambaye bado hajafika. Wanafunzi wake waliokwenda kazi za mjini walikuwa wanarudi wanajenga mawe, na mwalimu wao mkuu analala kwenye udongo! Watu walimtania sokoni. Kahawa ilipokuwa na bei akanunua simiti, akapigilia wavu wa waya kwenye ile miti, na likizo nzima akaipaka nyumba kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya suruali ya kufundishia. Akamaliza kwa kuandika jina la mkewe juu ya mlango. Mama Mwiti aliniambia kwamba siku ile watu walikuja kuitazama kama harusi, na yeye alivaa gauni jipya akasimama mlangoni. Alipokuwa akinieleza haya mkono wake ulikuwa unapapasa ukuta bila yeye kujua.

Nikaanza kazi yangu. Nilizunguka nyumba nikiigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Juu ililia kavu. Kadiri nilivyoshuka ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nzito. Chini kabisa, pale boriti ya msingi inapolala na nguzo zote kusimama juu yake, nilivunja kipande kidogo cha simiti nikaingiza patasi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nikaitoa na unga mweusi kama ugoro. Mwiti alimgeukia mama yake akamwambia, unaona sasa.

Mbao haziozi kwa uzee. Mnajua. Zinaoza kwa maji yasiyo na njia ya kutoka. Ukuta wa fito na udongo hunywa mvua kidogo, jua likitoka huirudisha, na mti ulio pembeni yake hukauka pamoja nao. Simiti haifanyi hivyo. Mti unavimba na kusinyaa kila msimu, simiti inabaki ilipo, kwa hiyo inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia, yanashuka nyuma ya koti, yanakaa miguuni. Mwalimu alikuwa ameifunga nyumba ndani ya ndoo. Hakuna aliyemwambia. Angeambiwa na nani, na kila mtu alikuwa akiisifu?

Nilipanda darini nikakaa huko muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Miti ya juu ilikuwa migumu, kavu, imefungana kwa vijiti bila msumari, mihimili ya mshazari ikibeba kila kitu kama walivyopanga. Sikupata kuona kazi nzuri hivyo maishani. Nilishuka nikiwa na buibui kichwani nikawaambia ukweli wangu: nyumba hii inaumwa miguu tu. Boriti za chini zikibadilishwa na simiti yote ikatolewa, itasimama. Isipotolewa, itaanguka, na sijui ni mvua ya lini.

Mwiti alinifuata mpaka kwenye gari. "Fundi, wewe umependa hizo mbao," akaniambia. "Ikianguka na mama ndani, wewe utakuja mazishi tu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimezipenda. Usiku ule sikumwona mtu mwingine akilini ila yule mama na fimbo yake chini ya ile ghorofa iliyotokeza. Asubuhi nikampigia Mwiti nikamwambia tukubaliane hivi: mama ahamie jiko la nje, tuweke nguzo za kuegemeza, tufungue kona moja ya nyuma tuone. Tukikuta nguzo zimeoza mpaka juu, mimi mwenyewe nitamwambia mama ahame, na nitamsaidia kufunga vyombo. Akakubali. Mama naye akakubali, ila kwa sharti kwamba jogoo wake asihamishwe.

Kona ile ndiyo mliyoiona baadhi yenu. Simiti ilitoka na wavu wake kama ganda la yai bovu, na nyuma yake ikatokea nguzo nyeusi, pana, na pembeni yake udongo mwekundu ulioshikwa na fito. Kwenye udongo kulikuwa na alama za vidole, vidole vya wanawake, kwa maana huku kwetu mwanamume alisimamisha miti na mwanamke akakandika. Niliweka mkono wangu juu ya alama hizo. Vidole vyangu vilienea humo.

Nguzo ilikuwa nzima kutoka magotini kwenda juu. Nikaonja. Ilikausha mate. Muuru! Nikaonja ya pili, muuru. Mwaloni wa meli ya Uingereza ulikuwa umeshuka kutoka mlima wa nyuma ya nyumba, labda ukivutwa na ng'ombe.

Kisha nikaona alama za maungio. Mafundi wa nyumba za namna hii wanakata miti yote chini kwanza, wanaiunganisha, wanaitenganisha, ndipo wanaisimamisha. Kwa hiyo kila ungio hupewa alama ili ulimi ujue tundu lake. Nilikuwa nimesoma kwamba Waingereza walikuwa wakichonga namba za Kirumi. Nikatazamia I na V na X. Nikakuta mkato mmoja mrefu na mikato mifupi mitatu kama vidole upande wa kushoto. Kwenye nguzo ya pili, duara lililokatwa katikati. Nilisimama nimeshika tochi, mdomo wazi, kwa sababu mimi hizo alama nilizijua. Baba yangu alikuwa akizichonga kwenye mizinga ya nyuki. Kule kwetu kila ukoo una alama yake, unaichonga kwenye mzinga kabla ya kuutundika, na mtu akiukuta porini anajua ni wa nani bila kuuliza.

Nilimpigia kaka yangu Njagi, ambaye bado anafuga nyuki. Nikamweleza alama moja moja. Akasema ile ya vidole vitatu ni ya watu wa upande wa mto, ya duara hana hakika, huenda ni ya Tharaka. Akaniuliza mzinga nimeupata wapi. Nikamwambia si mzinga, ni nyumba ya Mzungu. Alicheka mpaka akakata simu.

Ndipo nikaelewa kidogo, na mengine sijayaelewa mpaka leo. Bwana Msitu alijua nyumba za kwao zinavyosimama. Wale watu wa kule chini kwetu waliokuja kupasua mbao msituni walijua tezo na shoka, kwa vile kuchonga mzinga ni kuutoa mti tumbo bila kuupasua. Je, alichora mchangani nao wakakata? Waligombana? Nani aliamua kwamba namba za Kirumi zikae kando, kila mtu atie alama ya kwao kwenye ungio alilolikata mwenyewe? Majina yao hatuna. Hilo linaniuma sana. Nilimpeleka Mama Mwiti akaziona, nikamweleza, akazipitisha kidole. Akasema basi miaka yote hii amekuwa akiwadanganya wageni kuhusu ile meli, na akaonekana kufurahi.

Mwiti naye alizitazama, halafu akatoa karatasi akaanza kupiga hesabu za uzito. Kutoka hapo sikumsikia tena akitaja kubomoa. Ninyi mlioniona nikijigamba na majeki yale ya kuinulia nyumba, jueni kwamba mahali pa kuyaweka na kiasi cha kuinua kila moja vilitoka kwenye karatasi yake. Bila yeye tungeiangusha.

Tulivua koti upande baada ya upande mpaka tukafika mbele, na hapo tukasimama. Ule mhimili juu ya mlango ndio unaobeba ghorofa iliyotokeza, na ulikuwa umeanza kulainika. Wavu wa Mwalimu ulipigiliwa juu yake, na simiti yenye jina la Kathure ilishikwa na wavu ule. Nilijaribu kufikiri njia zote. Kuikata kipande kizima: ilikuwa na nyufa, ingebomoka mkononi. Kuiacha peke yake na kutoa nyingine: maji yangeendelea kuingia pale pale ambapo nyumba haiwezi kuvumilia. Nikamweleza mama kwamba naweza kujaribu kuikata lakini siahidi. Nilitamani awepo mwingine wa kusema maneno hayo.

Mwiti ndiye aliyetangulia kuzungumza. Alimwomba mama yake yale maandishi tuyaache, tutafute dawa ya kuziba nyufa, maana ni mkono wa baba. Alizungumza haraka na miwani ilikuwa imeingia ukungu.

Mama Mwiti alimkazia macho. "Wewe ulitaka kuibomoa nyumba nzima," alimwambia, "sasa unalilia maneno mawili." Halafu akanigeukia mimi, sauti yake imeshuka. "Aliyaandika ili nipate pa kukaa. Kama ndiyo yanayoniangushia nyumba, yatoe."

Akaomba nyundo. Tukamwekea ngazi fupi, Mwiti akamshika kiuno. Alipiga mara moja, pigo dogo la mtu mzee, simiti haikustuka hata kidogo. Akampa mwanawe nyundo. Mwiti alipiga na machozi yanamtoka waziwazi, na kipande kikaja chote na jina la mama yake, kikagonga kizingiti kikawa vipande vidogo vidogo. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama mhimili, na kwa kweli ulikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Mvua moja nzuri ingetosha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuwafurahisha mafundi na kuwachosha wasomaji, kwa hiyo nitasema machache. Muuru wa boriti mpya tuliutoa kwenye paa la kanisa lililobomolewa, kwa maana muuru wa kukata mpya hupati wala usitafute. Tuliinua nyumba kidogo kidogo, ikalia kwa sauti ambazo sijawahi kusikia, na Mama Mwiti jikoni kwake akaimba nyimbo za kanisa ili asizisikie. Tukachonga ndimi na matundu, tukatoboa matundu ya kukosana, tukapigilia vijiti. Alama za zamani tuliziacha zinaonekana. Kwenye boriti mpya nilichonga ya baba yangu, na mtakaoifungua tena mkijiuliza, sasa mmejua.

Kuta zilitushinda. Hapana mtu karakanani aliyejua kukandika, mimi nikiwemo. Mama Mwiti akaenda kwa kina mama wa kanisa lake, na asubuhi moja wakaja na kanga viunoni. Walikanyaga udongo na samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa, wakiteta na kucheka, wakimsema injinia anayebeba maji kama mke mpya. Akacheka nao. Juu ya udongo tulipaka chokaa, chokaa ya kuzimwa kwa maji, si rangi ya mkebe na wala si simiti. Chokaa hupumua. Nawaomba hilo tu, hata mkisahau mengine yote: kabla hujaifunika nyumba ya mtu, jiulize maji yatatokea wapi.

Mama Mwiti alirudi ndani siku ya jua baada ya mvua za kwanza. Nyumba ilikuwa na mistari yake tena, myeusi juu ya nyeupe, na watu waliokuwa wakipita barabarani walisimamisha pikipiki wakatazama. Tulimtolea kiti tukakiweka uani. Akaketi na fimbo magotini, akaitazama kutoka paani mpaka chini, akarudia tena. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya majeki. Mwiti akachuchumaa kando yake, akamuuliza lile ambalo nami nilikuwa nikiliogopa, kwamba baba angesema nini akiiona hivi, miti na udongo nje, watu wakitazama.

Mama Mwiti alifikiri kwanza. "Mwalimu angenuna siku mbili," alisema. "Ya tatu angeingia kuniuliza chai iko wapi."

Kisha akainuka, akaingia kuipika.